Siku Mheshimiwa Alipokufa Mara Tisa

Kulikuwa na nchi ambayo watu wake, wakiulizwa ni nchi gani, hutazama kwanza nyuma yao ndipo wajibu kwamba hawajui. Basi na iitwe hivyo hivyo, nchi. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na bendera, na wimbo, na mawaziri mia na wanne, na dirisha kwa kila shida. Mwenye shida ya maji alikuwa na dirisha lake, mwenye shida ya kaburi alikuwa na lake, na mwenye shida na madirisha alikuwa na dirisha la kulalamikia madirisha, ambalo lilipendeza kuliko yote kwa sababu lilikuwa na pazia. Pazia lenyewe halijawahi kufunguliwa, lakini lilifuliwa kila mwezi.

Katika nchi hiyo aliishi Mzee Ngwali, fundi redio. Shule alifika darasa la tatu, likamtosha. Redio ya mtu ikinyamaza aliifungua, akaitazama kama daktari anavyotakiwa kumtazama mgonjwa, na jioni ilikuwa inazungumza. Alichoshindwa kutengeneza ni maneno yaliyotoka humo ndani.

Aliyesoma ni mkewe, Sikudhani binti Mfaume. Yeye alimaliza la saba. Sasa alikuwa marehemu, mwaka mmoja na miezi miwili. Hakufa ghafla, serikali isije ikasingiziwa. Alikufa taratibu, tena kwa kufuata utaratibu. Kila Jumatatu na Alhamisi alipanga foleni ya zahanati, na kila mara foleni ilimrudisha nyumbani. Siku aliyofika mbele kabisa, akabaki yeye na dirisha tu, dirisha lilikuwa limefungwa. Wahudumu wote walikuwa wamekwenda kwenye semina ya siku tatu kuhusu kumjali mgonjwa. Siku ya tatu ya semina, Sikudhani hakuhitaji tena dirisha.

Kwenye benchi la foleni hiyo ndiko alikoandika kitabu chake. Kilikuwa daftari la shule, kurasa themanini, na kilisimulia habari za mwanamke aitwaye Bi Nyangole, ambaye tumbo linamuuma, kaacha maharage jikoni, na anataka kumwona daktari na kurudi kabla hayajaungua. Kila hadithi ilipofika penye njia mbili, Sikudhani aliwauliza wagonjwa wenzake: haya, aende wapi? Benchi lilibishana mpaka wengine wakasahau maumivu. Naye aliandika majibu yote. Ukitaka abishe hodi, fungua ukurasa wa kumi na nne. Ukitaka asubiri, fungua wa tisa. Msomaji alikwenda huku na huku humo ndani kama mtu anayetafuta choo kwenye ofisi ya serikali, na mara nyingi aliishia kufa. Bi Nyangole alikuwa na njia kumi na moja za kufa na njia moja ya kupona.

"Mbona moja tu?" Ngwali alimuuliza.

"Hiyo moja nimewapendelea," Sikudhani akasema.

Kabla hajafa aliomba kitu kimoja. Kikichapwa, jina lake lisiachwe. Hakuwa mtu wa makuu, lakini kwenye kadi ya zahanati aliandikwa Mama Mgonjwa, kwenye orodha ya wapiga kura hakuandikwa, na baadaye kwenye kitabu cha makaburi aliandikwa Mke wa Ngwali. Mzee Ngwali alitaka pawepo mahali pamoja tu, hapa duniani, ambapo karatasi inasema Sikudhani binti Mfaume.

* * *

Kuchapa kwenyewe hakukuwa jambo gumu. Mzee alikuwa na mashine ya kurudufu ya mkono, ya shule moja iliyofungwa, ameitengeneza mwenyewe. Kilichokuwa kigumu ni kuzungusha mpini. Katika nchi ile, kuzungusha mpini bila Cheti cha Uhuru lilikuwa kosa.

Maana vitabu vyote vya nchi ile, na michezo yote ya skrini, ya simu na ya televisheni, ilitolewa na Kampuni Kuu ya Maandishi na Michezo. Si kwamba wengine walikatazwa. Sheria ilimruhusu kila mtu, mradi akubaliwe na kamati, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Lugongo, ambaye pia alikuwa mkurugenzi wa Kampuni Kuu. Watu wenye midomo walisema hilo si haki. Lakini Bwana Lugongo kabla ya kila kikao alivua beji ya kampuni akavaa beji ya kamati, na kikao kizima kilimshuhudia akibadilisha, sasa haki gani zaidi walitaka?

Na bidhaa za Kampuni Kuu zilikuwa bora. Vitabu vilikuwa vinene, vyenye picha ya Waziri mwanzoni, katikati na mwishoni, ili msomaji asipotee. Michezo ndiyo ilikuwa na historia yake. Desturi ya nchi ile ni kwamba kitu hakipo mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Kisima kingeweza kutoa maji miezi sita, watu wakakaa na kiu pembeni yake wakingoja utepe ukatwe. Kitabu kilizinduliwa kwa mgeni rasmi kupapasa jalada. Mchezo ulizinduliwa kwa mgeni rasmi kuucheza hadharani, na kwa kuwa mgeni rasmi hashindwi, michezo yote ilitengenezwa isimshinde mtu yeyote. Ulioenea kuliko yote uliitwa Daraja la Maendeleo, toleo la tisa. Unabonyeza kitufe, daraja linasimama, kwaya inaimba, umeshinda. Watoto waliumaliza kabla chai haijapoa, kisha wakatoka nje kucheza na vifuniko vya soda, ambavyo angalau mtu hukosa navyo shabaha.

Mzee Ngwali alikwenda wizarani asubuhi, daftari amelifunga kwenye kitambaa cha marehemu. Dirisha la kwanza, la vitabu, alikaa bwana mmoja wa miwani, akalipekua.

"Kitabu husomwa toka mwanzo mpaka mwisho," akasema. "Hiki kinarukaruka. Huu ni mchezo, mzee. Nenda la pili."

Dirisha la pili, la michezo, alikaa Bi Mwatumu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole ambayo wizara iliipa kazi ya kukataa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa huu ni mchezo."

Akalishika, akaligeuza juu chini. "Mchezo una skrini, baba. Hiki skrini yake iko wapi?"

"Hakina."

"Basi ni kitabu."

Mtu mwingine angelia. Mzee Ngwali alikwenda nyumbani, akachukua ganda la televisheni ya zamani, akatoa uchafu wa ndani, akafuta kioo, akalisimamisha daftari nyuma ya kioo likionekana vizuri. Nyuma akaacha tundu la kupitisha mkono wa kufungulia kurasa. Kesho yake akalibeba begani mpaka dirisha la pili.

Bi Mwatumu alilitazama kwa muda. Akagonga kioo kwa kucha.

"Skrini ipo," akakubali. Hakucheka, ila kalamu ilimwanguka. "Sasa, baba, hapa fomu inauliza: mtengenezaji ni mkubwa au ni huru?"

"Mimi nina mashine moja na mkono mmoja mzima. Andika huru."

"Siwezi kuandika tu. Lazima ulete barua ya kuthibitisha kwamba huitegemei Kampuni Kuu."

"Nani anaandika barua hiyo?"

Bi Mwatumu alishusha sauti, si kwa siri, kwa aibu. "Kampuni Kuu."

* * *

Ofisi ya Bwana Lugongo ilikuwa na zulia linalomeza viatu. Mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye ukarimu, aliyependa kusikia habari za watu wadogo ili aweze kuzisimamia. Alipitisha mkono kwenye tundu la ganda lililotuliwa zuliani, akapekua kurasa.

"Karibu sana, mzee wangu. Nimesoma kazi ya marehemu. Kazi nzuri. Ina njaa, ina maharage, ina uzalendo kwa mbali. Tutaitoa sisi, kitabu na mchezo wa simu, nchi nzima."

Mzee Ngwali hakuamini masikio yake, na alikuwa sahihi.

"Kuna marekebisho madogo," Bwana Lugongo akaendelea. "Humu mtu anakufa. Utafiti wetu unaonyesha wateja hawapendi kufa. Kwa hiyo tutaondoa vifo. Vile vile foleni tutaiondoa, kwa sababu foleni haipo, imekwisha tangazwa kwamba haipo. Bi Nyangole ataamka, atabonyeza, atapona. Na maharage yatakuwa kuku."

"Na jina?"

"Ushindi wa Afya, toleo la kwanza."

"Jina la aliyeandika, bwana mkubwa."

"Ah, hilo. Vitabu vyetu vyote vimeandikwa na Kamati ya Ubunifu. Ni heshima, mzee. Marehemu atakuwa ndani ya kamati. Wako mia mbili humo, na wengine ni mawaziri."

Mzee Ngwali alilichukua ganda lake la televisheni pale juu ya zulia, akaliweka begani. "Alishakaa mahali pa kusubiri na watu mia mbili," akasema. "Pakamuua. Nipe barua niende."

Bwana Lugongo angemnyima, tena kwa roho safi, ila siku hizo alikuwa na tatizo. Wiki iliyofuata yalikuwa Maonyesho ya Wachapishaji Huru, na wafadhili kutoka ng'ambo walikuwa wanakuja kuuona uhuru wenyewe kwa macho. Nchi ilikuwa na wachapishaji huru kumi na wanne, wote wana vyeti, wote wana mabango: Huru Pekee, Huru Kabisa, Huru Kweli Kweli, Huru Bila Shaka, na wengineo. Mwaka uliopita mfadhili mmoja mchokozi alikuwa amewapigia simu wote kumi na wanne kwa zamu, na mara zote ilipokelewa na katibu wa Bwana Lugongo. Mara ya kumi na nne katibu alimwambia, kwa adabu, kwamba bosi bado yuko kwenye kikao kile kile.

"Mzee," Bwana Lugongo akasema, "una simu?"

"Ilikufa zamani."

Basi uso wa mkurugenzi ukang'aa. Akachukua karatasi, akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba Kampuni Kuu inamfahamu Mzee Ngwali kuwa huru, kwamba uhuru wake umekaguliwa ukaonekana hauna kasoro, na kwamba aletwe kwenye maonyesho na gari la Kampuni Kuu asije akapotea njiani. Cheti chenyewe angekabidhiwa na Mheshimiwa Waziri palepale uwanjani, mchezo ukishazinduliwa.

* * *

Uwanja ulipambwa. Palikuwa na hema la wafadhili, hema la viongozi, na jua la wananchi. Pilau lilikuwa likinukia kwenye masufuria makubwa nyuma ya jukwaa, lakini itifaki ya nchi ile ilikuwa wazi: hakuna anayekula, anayeondoka wala anayekwenda haja kabla mgeni rasmi hajamaliza kuzindua.

Mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Pazi, Waziri wa Maandishi, Michezo na Utulivu. Alihutubia kwa ufupi, saa moja na nusu. Alisema serikali inaupenda uhuru na ndiyo maana imeuweka mahali pamoja, chini ya uangalizi. Alisema kitabu ni taa na mchezo ni umeme. Hapo kipaza sauti kikazimika, umeme ukarudi, akasema tena.

Kisha akazunguka kwenye meza. Kwa Huru Pekee alibonyeza akashinda. Kwa Huru Kabisa alibonyeza akashinda. Kwenye meza ya kumi na nne kidole kilikuwa kimeanza kumuuma kwa ushindi. Ndipo akafika kwenye meza ya kumi na tano, akaliona ganda la televisheni.

"Hii ni teknolojia gani?"

"Mpya kabisa, Mheshimiwa," alijibu Bwana Lugongo, aliyekuwa hajui lakini hakuwahi kuacha hilo limzuie. "Ya kwetu wenyewe."

Waziri akakaa. Alitafuta kitufe, hakukiona. Bi Mwatumu, aliyeletwa kusaidia itifaki, akaitwa apitishe mkono kwenye tundu la nyuma, afungue kurasa na kusoma kwa sauti kwenye kipaza sauti. Mzee Ngwali alisimama pembeni ameshika kofia. Hajawahi kuyasikia maneno ya mkewe yakitoka kwenye spika kubwa namna ile. Akaitegea sikio, kama redio iliyopona.

"Bi Nyangole ameamka, tumbo linamuuma," Bi Mwatumu akasoma. "Maharage yako motoni. Ukitaka aende zahanati, ukurasa wa tatu. Ukitaka asubiri kliniki ya gari iliyoahidiwa redioni, ukurasa wa tisa."

"Asubiri gari," Waziri akasema bila kufikiri. "Niliahidi mimi mwenyewe."

"Ukurasa wa tisa. Bi Nyangole anasubiri. Maharage yameungua. Jirani amekuja kuomba moto, akakuta umezimika, na Bi Nyangole naye. Umekufa. Rudi mwanzo."

Watu hawakujua wafanye nini. Hema la viongozi lilipiga makofi kidogo, likaacha. Kwenye jua mtu mmoja alisema, "Pole, Mheshimiwa," na haikujulikana anamaanisha nini.

"Nimefanyaje?"

"Umekufa, Mheshimiwa," Bi Mwatumu akasema. "Lakini unaruhusiwa kurudi mwanzo."

Mara ya pili alikwenda zahanati. Penye njia mbili, ama aulize nani wa mwisho akae nyuma yake, ama aende moja kwa moja dirishani, Waziri akaenda dirishani. Akaambiwa arudi na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Akafa akiwa kwenye foleni ya cheti. Mara ya tatu alimpigia mtu mkubwa simu. Mtu mkubwa akasema atalishughulikia. Akafa likishughulikiwa. Mara ya nne alimwagiza dereva akamtafutie namba, dereva akarudi na namba ya kesho. Mara ya tano alikata utepe wa jengo jipya la zahanati, akaingia, akakuta ndani hamna ukuta wa nyuma.

Wananchi walianza kusogea karibu. Wengi walikuwa watu wa lile benchi, na walikuwa wanazijua njia zote, wamezipigia kura wenyewe.

"Uliza nani wa mwisho, Mheshimiwa," akasema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, kwa sauti ya kumhurumia.

"Uliza tu, hakuna atakayekucheka," akasema mwingine.

Waziri alifuta jasho. "Mimi? Niulize nani wa mwisho? Katika nchi hii?"

Akaenda tena dirishani, safari hii kwa mlango wa nyuma. Akafa mara ya sita. Pilau likapoa, likapashwa, likapoa tena. Kwaya ilikuwa imesimama tangu saa nne na waliokuwa nyuma walianza kuegemeana. Mfadhili mchokozi alikuwa anaandika kwa kasi, na kila Bi Mwatumu aliposema "rudi mwanzo" alifungua karatasi mpya. Bwana Lugongo alimnong'oneza Waziri kwamba labda atangaze tu kwamba ameshinda, kama kawaida. Waziri akatangaza. Lakini Bi Mwatumu, ambaye itifaki ilimwagiza asome kilichoandikwa, akasoma kilichoandikwa: "Umekufa. Rudi mwanzo." Hiyo ya saba. Ya nane na ya tisa zilikwenda haraka haraka, mtu akishazoea.

Baada ya ya tisa Waziri alisukuma kiti. "Aliyeleta kitu hiki yuko wapi?"

Mzee Ngwali akasogea.

"Wewe mzee. Huyu mwanamke anaponaje?"

"Wangu hakupona, Mheshimiwa."

Waziri alikivuta tena kiti, akakaa.

"Ninauliza wa kwenye mchezo."

"Wa kwenye mchezo anapona. Anauliza nani wa mwisho, anakaa, wanakaa wote pamoja. Wanaona dirisha halifunguki. Wanasimama wote kwa pamoja, benchi zima, wanabisha hodi. Linafunguliwa. Marehemu aliiandika hiyo ili watu wasichoke. Yeye mwenyewe haikuwahi kumtokea."

Waziri alitazama wafadhili, akatazama jua. Alikuwa mwanasiasa wa siku nyingi, alijua kutengeneza mambo. Akachukua cheti mezani, Cheti cha Uhuru, kimeshapigwa mhuri, akakiweka mbele ya mzee. Pembeni yake akaweka kalamu yake mwenyewe, ya dhahabu.

"Mzee wangu, tusitiane aibu mbele ya wageni. Cheti chako hiki hapa. Chapa, na jina la mkeo uliweke kubwa upendavyo. Andika tu sentensi moja, hapa ukurasa wa tisa: Mheshimiwa akafika, Bi Nyangole akapona. Maneno matano."

Mzee Ngwali alikitazama cheti. Kilikuwa kizuri, kina nembo, kina utepe. Miezi kumi na minne alikuwa anaingoja siku hii, cheti kilikuwa mbele yake, na kilikuwa karibu naye kuliko dirisha lilivyowahi kuwa karibu na mkewe. Aliichukua kalamu, akaona jinsi ilivyo nzito. Kisha akairudisha mezani polepole, ikiwa imeelekea kwa mwenyewe.

"Mwandiko wangu mbaya, Mheshimiwa," akasema. "Utauharibu wa kwake."

* * *

Tangazo lilisomwa redioni siku hiyo hiyo. Lilisema mambo matatu. Kwanza, Mheshimiwa Waziri yuko hai. Pili, hajawahi kufa, wala mara moja, achilia mbali tisa. Tatu, kitabu-mchezo kilichodai vinginevyo kimepigwa marufuku, na daftari lenyewe limechukuliwa likahifadhiwe na Bwana Lugongo. Bwana Lugongo alilipokea akiwa amevaa beji zote mbili, kwa sababu hakujua linapokelewa na nani.

Mzee Ngwali aliisikiliza habari hiyo kwenye redio aliyoitengeneza mwenyewe, akajuta kuitengeneza. Hakuwa na nakala. Aliyekuwa ameyashika maneno ya mkewe kwa moyo ni yeye tu, na kichwa chake kilishika vipande vipande. Akalaza kichwa kwenye meza ya kazi, katikati ya nyaya, akawalaani wakubwa mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Kwa kuwa walikuwa mia na wanne, usingizi ulimchukua kabla hajafika nusu.

Lakini nchi ile, kama ilivyosemwa, ilikuwa nzuri, na ilikuwa na sheria nyingi kuliko ilivyozikumbuka. Moja ilitungwa zamani na mwanasheria mkuu mmoja mwangalifu mno. Ilisema mwananchi hawezi kuhukumiwa kwa kusoma kitu ambacho hakujua kimekatazwa. Kwa hiyo kila kilichopigwa marufuku lazima kichapwe chote kwenye Gazeti la Serikali, bila kupunguza neno, pamoja na jina la aliyekitunga kwa herufi kubwa juu kabisa. Nakala moja iende kwa kila kaya. Na kwa kuwa si kila mtu anajua kusoma, afisa wa serikali apite nyumba kwa nyumba, amsomee kila mtu marufuku yake, amuulize kama ameelewa, aweke sahihi.

Wizara ilipoikumbuka sheria hiyo, Waziri alikuwa ameshaitia sahihi marufuku. Kuifuta kulihitaji kamati, kamati ilihitaji kuzinduliwa, na Waziri siku hizo alikuwa hataki kuzindua kitu. Na mwenye mkataba wa pekee wa kuchapa Gazeti la Serikali, mkataba aliougombania miaka mitatu ili wadogo wasiupate, alikuwa Bwana Lugongo. Mashine zote za Kampuni Kuu zilisimamisha toleo la kumi la Daraja la Maendeleo na kitabu chake cha mwongozo. Wiki mbili, usiku na mchana, ziliichapa hadithi ya Bi Nyangole kwa kila nyumba ya nchi, na vifo vyote kumi na kimoja.

* * *

Bi Mwatumu alifika kwa Mzee Ngwali alasiri, vumbi mpaka magotini, begani mfuko wa magazeti, mkononi fomu.

"Hodi, baba."

"Karibu, mwanangu. Umekuja kunikataza nini tena?"

"Nimekuja kukusomea marufuku yako. Ni lazima kwa sheria."

Mzee akampa kigoda cha kivulini, maji, na yeye akakaa kwenye kreti. Majirani waliokuwa wameshasomewa za kwao wakaja wakaegemea uzio, eti wanapita. Bi Mwatumu akafungua gazeti, akakohoa.

"Tangazo la Marufuku. Kitu kifuatacho kisisomwe, kisichezwe, wala kisisimuliwe. Kimetungwa na Sikudhani binti Mfaume."

Mzee Ngwali akainua mkono. "Samahani, mwanangu. Hapo sikusikia vizuri. Masikio yangu yameharibiwa na redio."

"Kimetungwa na Sikudhani binti Mfaume."

"Hapo hapo. Mara moja tena."

Mara ya tatu Bi Mwatumu hakutazama karatasi. Alimtazama yeye, akalitamka jina lote polepole, kama mtu anavyoitwa dirishani zamu yake ikifika.

Kisha akaendelea. Penye njia mbili, fomu ilidai msomewa aulizwe, basi akamuuliza, na kabla mzee hajajibu uzio wote ukawa umejibu. Mmoja alitaka hodi, mmoja alitaka mlango wa nyuma ili waone Waziri alifia wapi, wakaitana wajinga, wakapiga kura kwa vidole. Bi Nyangole alikufa mara nne. Mara ya tano aliuliza nani wa mwisho, akakaa, benchi likasimama, dirisha likafunguliwa, na alipofika nyumbani maharage yalikuwa yameiva sawasawa.

Bi Mwatumu akakunja gazeti, akashika kalamu. "Sasa swali la mwisho, baba. Je, umeelewa usichotakiwa kusoma?"

"Na asiyeelewa?"

"Sheria inasema arudiwe mpaka aelewe."

Mzee Ngwali alifikiri kidogo, kwa ajili ya fomu.

"Andika sijaelewa."

Bi Mwatumu alihema. "Hii ni nyumba ya kumi na saba tangu asubuhi, baba. Na zote kumi na saba hazijaelewa." Akaandika. "Kesho nije saa ngapi?"

"Saa hizi hizi, mwanangu. Na uanzie pale pa juu."